Kutoka Kiwengwa Hadi Mnazi Mmoja

Lamya binti Zahran alikuwa mshoni wa nguo za maharusi, na nyumba yao ya Kiponda ilijulikana kwa mlio wa cherehani kuliko kwa namba ya mlango. Asubuhi cherehani, mchana cherehani, na Sikukuu ikikaribia hata chakula alikula pale pale, sahani mapajani. Alipotimiza miaka thelathini na tano alikuwa na jina mji mzima, na mgongo wa bibi kizee. Siku moja kizunguzungu kilimshika, akaenda hospitali. Daktari akampima sukari, akamtazama juu ya miwani yake, akamwambia, "Bi Lamya, hujaugua bado, lakini mlangoni ushafika. Kiondokee hicho kiti."

Akakiondokea. Mjini Zanzibar mtu akitaka mazoezi hakosi wenzake. Kila alfajiri, baada ya sala, vikundi hutoka Maisara na Mnazi Mmoja, wake kwa waume, vijana kwa wazee, wanakimbia mistari mistari huku wanaimba. Lamya aliingia katika kikundi cha Mwalimu Abrahman, mwalimu mstaafu wa michezo, mwembamba kama ufito, mwenye filimbi ambayo hakuivua shingoni hata akienda harusini. Mwanzo alitembea nyuma kabisa na wanawake wanene waliokuja zaidi kwa mazungumzo. Baada ya miezi michache akawa katikati. Mwaka ulipozunguka alikuwa mbele, na sukari imeshuka.

Mwenyewe hakushangaa sana. Mwaka 1985, alipokuwa mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa wasichana wenye kasi katika skuli yao. Halafu akawa mwari, akaposwa, akaolewa, akanunuliwa cherehani. Hakuna aliyemkataza kukimbia. Mbio zilimtoka tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 Mwalimu Abrahman alikuja na habari. Aliwasimamisha wote kwenye majani ya Mnazi Mmoja, akapuliza filimbi.

"Sikilizeni. Kuna mashindano yatafanyika mwezi wa Oktoba, kabla ya Ramadhani. Mtu anaanza Kiwengwa, anaogelea kilomita mbili. Akitoka majini anapanda baiskeli mpaka mjini, anapitiliza mpaka Jozani, anarudi tena mjini. Akishuka kwenye baiskeli anakimbia kwa miguu kwenda Bububu na kurudi, anamalizia hapa hapa tuliposimama. Mtu mmoja, siku moja. Wenyewe wanayaita triathloni."

"Tatu kwa moja!" akasema mtu nyuma, watu wakacheka, na jina likabaki hilo.

"Mwanamke wa kikundi hiki yupo anayetaka?"

Hapo kicheko kilizidi. "Mwalimu, kuogelea? Sie bahari tunaijua kwa kuitazama!" Na ilikuwa kweli. Mji umezungukwa na maji, lakini wengi wa wanawake wale hawajapata kuyaingia kupita magoti. Lamya naye alikuwa hivyo hivyo. Alicheka na wenzake, na katikati ya kicheko akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Niandike mie."

Nyumbani habari ilifika kabla yake. Mama yake, Bi Shariffa, alikuwa ukumbini anachambua mchele, na hakunyanyua uso.

"Nasikia unakwenda kuogelea na wanaume."

"Nnakwenda mashindanoni, mama. Wanaume watakuwepo, na wanawake watakuwepo."

"Mtoto wa Zahran juu ya baiskeli! Miguu inakwenda juu, inakuja chini, watu wa Darajani wanatazama. Na baharini je, utaingia na buibui?"

"Nitashona nguo ya heshima."

"Heshima haishonwi," alisema Bi Shariffa, akarudi kwenye mchele wake.

Talal, mumewe, alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake akaimaliza, ndipo akasema, "Watu watasema."

"Washasema zamani, Baba Hind. Walisema nilipochelewa kuzaa, wakasema nilipozaa mmoja nikanyamaza. Wakichoka na hili watatafuta jengine."

Wiki iliyofuata Talal alirudi na baiskeli ya mitumba yenye gia, imeota kutu mpaka haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Aliifungua uani kipande kipande, akaipiga mafuta, akaifunga upya, kisha akamwita mkewe. "Sasa ifungue wewe. Ikiharibika njiani mie sitakuwepo." Lamya aliifungua na kuifunga mara nyingi mwezi ule, mpaka mikono yake ikanuka grisi na bibi harusi mmoja akakataa kupimwa mpaka anawe tena.

Baiskeli aliipata upesi. Kazi ilikuwa bahari.

Kule Kiwengwa alikuwako mteja wake, Bi Mwanakheir, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ambaye Lamya alikuwa amewashonea mabinti zake wawili nguo za harusi. Bi Mwanakheir alikuwa mkulima wa mwani, na kabla ya zama za mwani alikuwa akichokoa pweza mwambani. Tofauti na wengi wa wenzake, yeye alijua kuogelea, alifundishwa na babake. Lamya alimwendea kwa baiskeli siku ya Jumamosi, akafika hoi, akaiegemeza kwenye ukuta wa mawe.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mjini na hicho?"

"Naam. Na nimekuja unifunze kuogelea."

Bi Mwanakheir alimtazama juu mpaka chini, akafunga kanga yake kiunoni. "Twende basi, maji yasije yakatoka."

Maji yalikuwa ya kiuno, meupe, mtu anaona mpaka kucha zake. Bi Mwanakheir akamwambia ajilaze chali.

"Nitazama."

"Utazama wapi, maji ya kiuno haya? Jilaze, nnakushika."

Lamya akajilaza, akakaza shingo, akakaza tumbo, miguu ikaanguka kama mawe. Akameza maji ya chumvi, akainuka anakohoa. Akajilaza tena. Jumamosi ile yote hakupata kitu.

"Unapigana nayo," alisema Bi Mwanakheir walipokuwa wanakunywa chai. "Bahari haipigwi, mwanangu. Ina nguvu kuliko mumeo na marehemu babako kwa pamoja. Unailalia tu, nayo inakubeba."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi alipanda baiskeli mpaka Kiwengwa, akaogelea, akalala kwa Bi Mwanakheir, akaogelea tena asubuhi, akarudi mjini. Mwezi wa Mei, mvua zinapungua, alielea peke yake kwa mara ya kwanza, masikio ndani ya maji, akicheka peke yake kama mtoto. Mwezi wa Juni alijua kutupa mikono. Mwezi wa Julai aliweza kwenda na kurudi baina ya mashamba ya mwani bila ya kusimama, na wanawake waliokuwa wakifunga kamba wakamzoea, wakawa wanampigia makelele, "Vuta! Vuta!"

Balaa lilimkuta Agosti. Mashindano yangepita kwenye mlango wa mwamba, pale ambapo maji meupe yanakatika ghafla na kuwa buluu iliyokoza. Bi Mwanakheir alimchukua huko, yeye ndani ya mtumbwi, Lamya majini pembeni. Kusi lilikuwa linavuma. Walipofika penye buluu Lamya alitazama chini asione chini. Moyo ukamruka. Akasahau kulala, akaanza kupigana. Suruali yake pana ikajaa maji, kanzu ikamzonga miguu, na papo hapo yavuyavu, yule mdudu laini wa baharini kama utando, likamgusa shingoni, likamchoma kama pasi. Alikwenda chini, akarudi, akaenda chini tena. Aliposhtukia, ameshikwa ukosi na anaburutwa kwenye mtumbwi kama samaki.

Alilala ndani ya mtumbwi anatapika chumvi. Shingo ilikuwa imevimba mistari mistari.

"Nshamaliza," alisema. "Bi Mwanakheir, mie nshamaliza."

Mwanamke yule hakubishana naye wala hakumbembeleza. "Haya," alisema, akapiga kasia.

Wiki mbili Lamya hakwenda Kiwengwa. Alirudi kwenye cherehani yake, na Bi Shariffa akawa na furaha asiyoweza kuificha, akampikia mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Mwalimu Abrahman alipomuuliza alijibu kwamba kazi zimekuwa nyingi.

Siku moja alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi harusi anamfunga pindo la gauni, na yule msichana akawa anajaribu kutembea. Gauni lilikuwa zito, lina mikunjo mingi. Kila akipiga hatua kitambaa kinamrudisha nyuma. "Linanivuta, Bi Lamya," alilalamika. Lamya akabaki na pini mdomoni. Akaikumbuka suruali ile, na kanzu ile ya pamba nene aliyoikata kwa haraka mwezi wa Machi bila ya kufikiri. Yeye, ambaye watu walitoka hata Pemba kuja kushonewa naye, alikuwa ameingia baharini na nguo ya kuendea matangani. Kweli aliogopa. Lakini woga peke yake haukumpeleka chini. Nguo ndiyo iliyompeleka.

Jioni ile alikwenda Darajani akanunua kitambaa chepesi, laini, kinachoshonewa jezi za mpira, kisichoshika maji. Akakata suruali nyembamba mpaka kwenye kifundo cha mguu, akaibana. Akakata kanzu fupi ya magotini, mikono inafika viganjani, na kofia ya kichwa iliyoshonwa pamoja na ukosi ili isivuke. Alipomaliza aliivaa, akaingia nayo ndani ya birika la mawe lililokuwa uani, akazama mpaka kichwani, akainuka, akatazama maji yanavyokimbia kwenye kitambaa.

Bi Shariffa alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Nnapima nguo, mama."

Bi Shariffa alimzunguka. Alimtazama mbele, akamtazama nyuma, akavuta kitambaa cha mgongoni kuona kama kinang'ang'ania mwili. Alipokosa la kusema, alisema, "Mshono wa kwapani umekwenda upande." Na kweli ulikuwa umekwenda upande.

Jumamosi iliyofuata Lamya alikuwa Kiwengwa. Bi Mwanakheir alikuwa anafungua mwani kwenye kamba, akainua kichwa.

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Nguo nzuri hiyo. Utanishonea na mie?"

"Nitakushonea. Lakini leo nipeleke kule penye buluu."

Akampeleka. Siku ile Lamya alifika kwenye ukingo, akageuka chali, akaelea juu ya kina kile akiisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, ndipo akageuka akarudi. Mara ya pili alipita. Mara ya tatu alipita hata asijue kwamba amepita.

Ikafika Oktoba, mwezi wa Shaaban. Asubuhi ya mashindano ufuko wa Kiwengwa ulijaa watu: wageni wengi kutoka mahotelini, vijana wa vikosi vya ulinzi wenye vifua vipana, na mwanamke wa Unguja mmoja tu. Mama mmoja wa Kizungu, msimamizi wa kuogelea, alimwita Lamya pembeni. Alikuwa na wasiwasi na nguo yake, isije ikamzamisha. Mwalimu Abrahman alianza kupandisha sauti, lakini Lamya alimshika mkono, akaingia majini, akaogelea mpaka kwenye mtumbwi wa waokoaji na kurudi, maji yanamwagika kwenye nguo. Yule mama akaugusa mkono wa kanzu, akautia kwenye vidole, akatikisa kichwa kukubali.

Filimbi ilipolia watu waliingia baharini kama waliofukuzwa na nyuki. Lamya alipigwa teke la taya, kiwiko cha mtu kikampata jicho. Akawaacha wapite. Alipofika penye mlango wa mwamba wenzake walishakuwa vichwa vidogo mbele, na buluu iko chini yake. Moyo ulianza ule mchezo wake. Akageuka chali. Mtu wa mtumbwi wa waokoaji alimpigia kelele, "Umechoka, bibie? Njoo upande!" Akamwashiria kwa kidole kwamba la. Akatazama mbingu, akavuta pumzi mpaka moyo ukatulia, akageuka akaendelea. Alitoka majini wa mwisho ila watatu. Wanawake wa mwani walikuwa wamesimama kwenye maji ya magoti, kanga zimekunjwa, wakapiga vigelegele, na Bi Mwanakheir aliyesimama mbele yao hakusema kitu ila, "Kimbia, unasimamia nini?"

Njia ya Kinyasini aliijua kila shimo lake. Mahonda, Bububu, akaingia mjini jua limesimama. Penye kona ya Mnazi Mmoja kikundi chake kilikuwa kinaimba, na Talal alikuwa amesimama mbali kidogo na watu. Sheria hazikumruhusu kugusa baiskeli, kwa hiyo aliyatazama tu magurudumu yanavyozunguka, akatikisa kichwa kuridhika. Lamya akapitiliza kwenda Jozani.

Ndani ya msitu, penye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, kundi la kima lilikuwa linakata barabara. Walipita mmoja mmoja, mama na watoto migongoni, na Lamya akawangoja. Akidhani wamekwisha akakanyaga pedali. Mmoja aliyechelewa akamrukia mbele. Akafunga breki, akaruka juu ya usukani, akaanguka kwenye lami. Kiwiko kilichunika, usukani ukapinda ukaelekea porini.

Kijana mmoja mwongoza watalii, Msabah, alikuja mbio. "Pole, bibi! Lete nikunyooshee."

"Usiguse! Ukiigusa tu nimeondolewa."

Msabah akaificha mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekatazwa sukari. "Basi libane gurudumu kwa magoti. Hivyo. Sasa vuta kulia. Kulia zaidi. Bibi, kulia ni huku!"

"Nnakujua kulia!"

Alilibana, akauvuta usukani mpaka meno yakalia, ukarudi. Haukukaa sawa kabisa; njia yote ya kurudi alikuwa anakwenda mbele lakini mikono imeelekea pembeni kidogo. Upepo nao ulikuwa unamkabili. Tunguu alipitwa na mtu wa mwisho aliyekuwa nyuma yake.

Sharti lilikuwa kwamba asiyeanza kukimbia kabla ya adhana ya Alasiri atatolewa. Lamya aliteremka Mnazi Mmoja, akaenda kwenye hema ya kubadilishia. Alivaa viatu vya mbio. Kisha akaomba chupa ya maji, akatia udhu, akatandika kanga.

Mwalimu Abrahman alikuwa anazunguka nje ya hema. "Bi Lamya, dakika zinakwenda!"

"Nnajua, Mwalimu. Adhuhuri nayo inakwenda. Ngoja niipate."

Alisali. Katika sijda ya mwisho mapaja yalikataa kumwinua, akabaki chini muda mrefu kuliko alivyokusudia, na watu wa nje wakadhani amezimia. Akajiinua kwa mikono. Alipotoa salamu na kutoka hemani, alipita kwenye mstari wa kuanzia, na hakufika mbali muadhini akaanza.

Njia ya Bububu ilikuwa moto. Mtoni aliweza. Kwenye kigeuzo cha Bububu aliisali Alasiri kando ya njia, na alipoinuka misuli ya mguu wa kushoto ilijikunja kama kamba, akakaa chini ukingoni mwa barabara, akaukamata mguu kwa mikono miwili. Gari la waandalizi likasimama, mlango ukafunguliwa, dereva akangoja. Ndani mlikuwa na viti na maji baridi. Lamya aliutazama mlango ule wazi. Hakufikiria kitu kikubwa. Alifikiria tu kwamba akiingia humo itabidi mwakani aanze tena Kiwengwa, apite tena kwenye ile buluu, na hilo hakulitaka.

"Funga mlango, baba," alimwambia dereva. "Unaingiza vumbi garini."

Akasimama. Akatembea mpaka nguzo ya umeme, kisha akakimbia mpaka nguzo inayofuata. Nguzo ya kutembea, nguzo ya kukimbia. Gari likamfuata polepole nyuma, taa zimewashwa. Kinazini kikundi cha Mwalimu kilimngoja, wakaanza kukimbia nyuma yake, hakuna anayemgusa, wanaimba zile nyimbo za alfajiri, na watu wakatoka madukani kutazama. Aliingia majani ya Mnazi Mmoja jua linakaribia kuzama, uso mweupe kwa chumvi, usingejua kama anacheka au analia. Alipovuka mstari hakunyanyua mikono. Alitafuta pa kukaa.

Mbele yake alikuta kiti. Juu ya kiti alikaa Bi Shariffa, na buibui lake, na kikapu mapajani. Alikuwa hapo tangu Alasiri, ingawa hakumwambia mtu kwamba anakuja. Aliinuka, akamkalisha mwanawe, akakitazama kile kiwiko kilichochunika, akatema kidogo kwenye pembe ya leso yake akaanza kukifuta, kama afanyavyo mtu kwa mtoto mdogo wa chuo cha Kurani.

"Ushakula?" aliuliza.

"Sijala, mama."

"Najua hujala. Tangu Kiwengwa!" Akafungua kikapu, akatoa chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Watu wakawasogelea kumpa Lamya mkono, na Bi Shariffa akawazuia kwa kiganja. "Ngojeni. Kwanza ale."

Lamya akala huku akiwahadithia ile buluu na wale kima. Talal alikuja na baiskeli, akawa anaujaribu ule usukani uliopinda, anaupeleka huku na huku, na binti yao Hind akaketi chini akamfungua mamake viatu. Adhana ya Magharibi ilipoanza Bi Shariffa alikuwa anamwelezea mwanamke asiyemjua, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba nyangumi walikuwepo kule baharini, na kwamba kima wa Jozani walikuwa zaidi ya mia.